Alasiri ya kaskazi Mida: mwezi kwanza, darubini baadaye

Wanaofika Hori ya Mida, pwani ya Kenya, kutazama ndege wa pwani alasiri wakaambulia nukta nyeusi huko mbali kwenye tope, kosa lao huwa moja: hawakuangalia mwezi. Hapa Watamu maji yakipwa, tope hufunguka mamia ya mita na ndege huyafuata maji. Yakijaa, huwasukuma mpaka kwenye mikoko, karibu nawe.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwezi ukiwa mpevu, na vilevile unapoandama, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Fika mapema, muda wa saa mbili na nusu kabla hayajajaa. Bamvua, yaani maji makubwa ya siku hizo za mwezi, likishajaa pomoni tope lote huzama, na kitwitwi, ndege wadogo wa pwani, huondoka kwa mkupuo kwenda kulala kwenye mafungu ya mchanga. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, alasiri hori huwa tupu. Siku hizo heri uende msitu wa Arabuko-Sokoke, uko ng'ambo tu ya barabara ya Malindi.

Simama upande wa bara, penye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Jua la jioni litakuwa mgongoni mwako na rangi za miguu zitaonekana. Darubini ya mkono ya 8x42 yatosha kwa walio karibu. Ya miguu mitatu usiivute mpaka mara 60, maana saa nane au tisa mangati huchezesha picha yote. Mara 25 au 30 huona zaidi. Upepo wa kaskazi nao hutikisa: fupisha miguu, uning'inize mkoba katikati yake. Usishuke topeni na ndapa, zitabaki huko.

Wengi huja kumtafuta ndege mla kaa, Dromas ardeola: mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene kama jambia. Huzaa kwenye mashimo ya mchangani pande za Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, kisha huja huku na kinda wake. Mtazame huyo kinda. Ana kijivu mgongoni, hujikunja nyuma ya mzazi akipiga mluzi wa kuomba, na mzazi humletea kaa ilhali mwana amekwisha ruka bahari nzima. Deko lililoje!

Wanaosumbua ni wale ndege wadogo wa aina mbili wa mchangani (kwa Kiingereza sand plover, mkubwa na mdogo), wenye kijivu juu na weupe chini, wanaofanana kama mapacha. Usihangaike na ukubwa wa mwili, hudanganya. Pima mdomo: ukiwa mrefu kuliko umbali wa kutoka shina lake hadi nyuma ya jicho, huyo ndiye wa aina kubwa. Ukiwa sawa au mfupi, ni wa aina ndogo. Mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya manjano, anayekimbia kama aliyechelewa chombo, ni Xenus cinereus. Akikamata kaa mara nyingi humkimbiza majini amsuuze kwanza. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, hana shida: kila mvuvi amjua. Yule mnene wa kijivu asiyetambulika akiwa chini, subiri aruke: kwapa jeusi ni Pluvialis squatarola, basi.

Kuhesabu kunafaa Januari, na ndiyo sababu sensa ya ndege wa majini hufanywa mwezi huo: safari zimekwisha, ndege wametulia. Hesabu kumi, kariri kwa macho kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi kwa nafasi hiyo. Anza kabla maji hayajawabana, kwa sababu wakisharuka na kutua utawahesabu mara mbili bila kujua.

Ukiona vichwa vyote vimeinuka kwa pamoja, umekaribia mno. Rudi nyuma hatua kadhaa. Kila wanapokurupuka huunguza mafuta wanayoyahitaji Aprili, wakianza safari ya kaskazini, wengine hadi Siberia. Kufikia Machi baadhi yao utawaona wamenenepa, vifua vimeanza kushika rangi ya kutu. Watakaobaki hapa masika ni wachanga wa mwaka wa kwanza, bado na kijivu chao.