Boriti kumi na moja na bisibisi yangu

Fundi wa kwanza alitazama dari, akaona boriti zimebonyea katikati, akakata shauri papo hapo: "Bosi, hizi zimeshazeeka. Tung'oe zote kumi na moja, tuweke mpya." Nyumba ina zaidi ya miaka 100 na mimi si mjenzi, ila ubishi ninao.

Nikasoma. Kumbe umri peke yake hauui mbao. Hekalu la Hōryū-ji kule Japani limesimama tangu karne ya 7, na sehemu ya mbao zake ni zile zile. Mbao ikikaa kavu hubeba karibu kama zamani, ila ikipigwa kishindo huvunjika upesi kuliko mpya. Hata kule kubonyea ni mzigo wa miaka mingi umeipinda taratibu, si lazima iwe inakaribia kukatika. Kinachoimaliza ni maji, wadudu na binadamu mwenye msumeno.

Nikapanda na bisibisi, nyundo na kipima unyevu cha kuazima. Katikati ya boriti kipimo kilisoma asilimia 12 au 13, na bisibisi ilikataa kuingia. Ile mipasuko mirefu iliyokuwa ikinitisha ilifuata nyuzi za mbao. Ni ya kukauka tu. Vitundu vya bungua, mdudu anayetoboa mbao, vilikuwepo. Nikatandika karatasi nyeupe chini yake miezi miwili, hakukudondoka unga mpya, maana yake hakuna mdudu anayetafuna tena.

Shida ilikuwa kwenye ncha, pale boriti inapoingia ukutani. Boriti ya nne, sauti ya nyundo iligeuka kutoka "ko" ikawa "bu". Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini, kama kwenye sabuni iliyolowa. Unyevu asilimia 27, na kuvu wa kuozesha hustawi ukishapita 20 na kitu. Juu yake mfereji wa paa ulikuwa umetoboka, maji yanashuka ndani ya ukuta. Ya tano vivyo hivyo.

Lakini iliyoninyima usingizi ni ya tisa. Kavu, ngumu, haijabunguliwa. Fundi bomba wa zamani alikuwa ameichonga kwa chini, katikati kabisa, robo nzima ya kimo chake, apitishe bomba. Nguvu ya boriti hufuata mraba wa kimo: robo tatu mara robo tatu, imebaki kama asilimia 56. Na bomba lenyewe siku hizi halipitishi hata tone!

Mhandisi alikuja akakubaliana nami karibu kila mahali. Tulianza na mfereji, maana kutengeneza ncha huku maji yanaingia ni kazi bure. Ncha mbili zilizooza zilikatwa, zikaungwa mbao kavu ya aina ile ile kwa bolti. Ya tisa ikapachikwa mbao mbili ubavuni. Nane hazikuguswa, na mbonyeo wao.

Fundi wa pili, akitoboa ile ya tisa kupitisha bolti, alivunja ncha mbili za keekee. Akashuka ngazi, akaniuliza kama nina ya tatu.