Jinsi nilivyomsaidia mwanangu kutuliza akili
Mwanangu wa miaka 6, hapa Jinja, Uganda, alikuwa hawezi kumaliza hesabu moja bila kuinuka, nami kwa miezi kadhaa nilimgombeza, jambo ninalolijutia hadi leo. Nilipoacha ukali, nilianza kuzima televisheni jioni, nikampa kazi za dakika kumi kumi zenye mapumziko ya kuruka kamba, kisha nikamfundisha omweso, mchezo wetu wa bao wenye mashimo 32 na kete 64, ambao humlazimu mchezaji kuhesabu kabla ya kugusa. Mwanzoni alizimwaga kete kwa papara. Wiki ya tano nilimwona ameuma mdomo, kidole kikielea juu ya shimo, akihesabu kimyakimya. Sasa humaliza ukurasa mzima, ingawa asipolala vizuri akili bado humtangatanga.