Tangi jipya lina urefu wa leso

Jumapili jioni nilichukua leso ya mke wangu, nikaikunja mara mbili kwa urefu, nikailaza chini pale ukutani kando ya ngazi. Leso ina kama mita moja na nusu, na ukiikunja hivo upana unabaki sentimita hamsini na kitu, manake ni karibu saizi ya tangi la matumbawe ninalolitaka: sentimita 150 kwa 60, na kimo 60. Nikarudi nyuma nikaiangalia. Nikaenda jikoni, nikarudi, nikaiangalia tena. Mke wangu akauliza, kwani leo unaswalia leso? Nikamwambia hapa ndipo litakapokaa. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Lote hilo?"

Ndio, lote hilo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Reading huku Uingereza, na huu ni mwaka wa nne nafuga matumbawe sebuleni. Mamangu mpaka leo hajanielewa. Kila nikimpigia simu ya video akiliona lile tangi nyuma yangu anacheka, ati mwanangu, bahari umeiacha hapa ya bure ukaenda kununua ya kupimiwa kwa lita. Sina jibu la kumpa. Binamu yangu naye ananiambia si uje ukate tu kipande kule nje ya Nyali utie kwenye begi. Nimemweleza mara ngapi sijui, ile ni hifadhi ya bahari, na matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, huwezi kuyavusha mpaka bila vibali. Mimi vyangu vyote ni vipande vilivyokatwa kwenye matangi ya watu wengine huku huku.

Sasa kwa nini kubwa. Hili la sasa ni la lita 120, halijachakaa wala halivuji, ila vitu vimekua. Tumbawe langu la hammer, lile lenye ncha kama nyundo, nililinunua lina vichwa viwili, sai vimefika tisa, na usiku taa zikizima linatoa mikono myembamba mirefu kama nyuzi, linapapasa kila kilicho karibu na kukiunguza. Jirani yake alikuwa kijani kizuri kabisa, leo upande mmoja umebaki mfupa mweupe. Halafu kuna lile tumbawe laini ambalo maduka ya huku yanaliita Kenya tree. Nilipoliona mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto, nikalinunua kwa ajili ya jina tu. Mtu asinunue kwa ajili ya jina. Linaangusha vijitawi vyake, kila kijitawi kinapeperuka na maji kinashika jiwe jingine, mwezi wa pili una shamba la magugu.

Na maji kidogo hayasamehe. Nikisahau siku mbili kuongeza maji yaliyokauka, chumvi inapanda, matumbawe yananuna. Kwenye maji mengi kosa kama hilo linachelewa kufika, unapata nafasi ya kuligundua.

Basi nikaanza hesabu, na hesabu ya kwanza wala haikuwa ya samaki, ilikuwa ya sakafu. Hilo tangi likijaa mpaka juu ni lita 540. Toa mawe na mchanga, ongeza maji ya sampu, lile tangi dogo la kuchujia linalokaa chini ya kubwa, unabaki na kama 580 hivi, na maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya bomba kwa hivo sema kilo 595. Kioo cha milimita 12 ni kilo 30 kwa kila mita mraba, nikajumlisha pande zote nikapata kama kilo mia. Mawe, mchanga, meza, sampu yenyewe… nikafika 850. Nikaiwaza hiyo namba kwa lugha ya nyumbani: magunia tisa na nusu ya mahindi, yale ya kilo 90, yamepangwa ukutani sebuleni, na hayatoki kamwe.

Nyumba yetu ni zile za zamani za safu, zilizoshikana ukuta kwa ukuta, sakafu ya mbao, chini yake ni uwazi tu. Nikamwita fundi mmoja Mpolandi anayekaa mtaa wa pili. Jamaa hakutoa hata futi ya kupimia. Alivua kiatu kimoja, akasimama pale penye leso akaipiga sakafu kwa kisigino, glasi zote za kabatini zikalia. Akaniangalia. Nikamwambia nimeelewa. Tukang'oa ubao mmoja tukamulika tochi, boriti zinapita kutoka ukuta wa mbele kwenda wa nyuma (sio boriti za mikoko kama za Mji wa Kale, ni mbao nyembamba hizi mpaka unashangaa zinabebaje watu) na kutoka hapo mpaka udongoni ni kama nusu mita. Amesema atajenga vijiguzo vya matofali kule chini juu ya misingi ya zege, vibebe boriti nne pale pale tangi litakapokaa, na tangi lizikatize boriti, lisilale juu ya moja peke yake. Bei yake ni zaidi ya nilivyotenga kwa taa. Nimeilipa bila kubishana, taa zitasubiri.

Maji ndio kichekesho. Maji ya Reading ni magumu, birika la chai linavaa chokaa ndani ya wiki, huwezi kumwagia matumbawe kitu kama hicho, lazima uyapitishe kwenye mashine ya RO, ile ya kuyachuja mpaka yabaki maji matupu. Yangu kwa siku nzuri inatoa lita 200, wakati wa baridi hazifiki, na kwa kila lita moja safi inatupa tatu kwenye bomba la taka. Kwa hivo kujaza tu ni siku tatu au nne za maji kuchirizika usiku na mchana. Lita 600 ni mitungi thelathini ile ya lita ishirini. Sisi tuliokulia Mombasa tukimsubiri wa mkokoteni tunajua mitungi thelathini ni nini, na hesabu hii sijamwambia mamangu, wala ile ya kwamba nitayatia chumvi ndoo nzima ya zaidi ya kilo 20.

Lakini kinachoninyima usingizi hasa ni siku ya kuhama, manake nishawahi kuharibu. Nilipotoka kwenye tangi la kwanza la lita 60 kuja hili, nilijifanya mjanja, nikasema mchanga wangu una bakteria wazuri, siutupi. Nikauchota kwa bakuli. Juu ulikuwa mweupe, chini kuna mstari mweusi, na bakuli la pili tu harufu ikatoka ya yai viza, nyumba nzima ikanuka. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikaumwaga kwenye tangi jipya. Kesho yake asubuhi maji kama ya madafu, uduvi wawili wamelala ubavu, na yule samaki wangu mdogo wa kuchimba mashimo yuko juu anapumua kwa haraka haraka. Nilipima amonia, ile sumu inayotoka kwenye uozo, rangi ya kipimo ikaenda kijani ile ambayo hutaki kuiona. Nilibadilisha maji mara tatu siku hiyo. Yule samaki hakufika jioni.

Safari hii mchanga wote mpya, wa zamani unaenda kwenye jaa. Bakteria watahama na mawe, na tangu mwezi uliopita nimeweka matofali manne ya kauri yenye vijitundu kwenye kichujio cha sasa ili washike makao mapema. Na tangi la zamani sitalivunja siku hiyo. Jipya litazunguka maji peke yake wiki kadhaa, niwe napima, halafu nahamisha matumbawe yale sugu kwanza, hammer wa mwisho. Taa nazo nitaanza chini, kama theluthi ya nguvu yake, nipandishe pole pole, manake taa mpya zinaunguza tumbawe kama mtu aliyetoka baridi akaenda kulala juani Bamburi mchana.

Vifaa sitavieleza sana, kila mtu na pendeleo lake. Mawili tu. La kwanza, mabomba ya kushushia maji kwenda kwenye sampu yatakuwa matatu: moja linabeba karibu maji yote, la pili linapitisha kidogo tu, la tatu kavu, linangoja siku la kwanza litakapozibwa na konokono. Na sampu isijazwe mpaka juu, kwa sababu umeme ukikatika maji yote yaliyo juu ya ukingo yanarudi chini, na chini kuna kapeti ambayo sikuinunua mimi. La pili ni hita. Nataka mbili ndogo badala ya moja kubwa, zote zipitie kontrola ya pembeni inayozikatia umeme maji yakipata moto, kwa sababu hita ikiharibika mara nyingi inagandia kwenye kuwaka, na kubwa moja ikigandia inakupikia supu. Yeyote aliyepiga mbizi pwani baada ya 1998 anajua joto linafanya nini: bahari ilipata moto mwaka ule, matumbawe yakawa meupe kuanzia Kenya mpaka Tanzania, mengi hayakurudi. Na hiyo ni bahari nzima, sembuse yangu ya lita mia tano.

Umeme wenyewe nimekadiria uniti nane kwa siku wakati wa baridi. Tunaendelea.

Sasa samaki. Tangu nianze namtaka kangaja mmoja tu, yule wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, niliyemuona kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite, kusini mwa Mombasa, nikiwa na miaka kumi na tano, wamepita kundi zima kama watoto waliotoka madrasa. Hii leso yote ni kwa ajili yake, nikisema ukweli. Na juzi nimekaa nikapima, nikasoma, nikakubali kwamba mita moja na nusu kwake bado ni korido. Ni samaki wa kwenda mbio siku nzima, ukimbana anashikwa na ugonjwa wa madoa meupe kabla hujamzoea. Nitachukua yule jamaa yake mdogo wa rangi ya kahawia, anayekwangua mwani kwenye kioo, hana sura ya kupigia picha. Atakaa kwanza karantini kwenye pipa la gereji, kama wenzake wote.

Fundi anakuja Jumamosi na matofali. Leso bado iko pale chini, watoto wameshazoea kuizunguka wakienda ngazini. Mke wangu jana amesema anaitaka Ijumaa, ana arusi.