Tarehe 17 Mei, Aurland

Mei 2009 nilikuwa nasoma chuo kikuu cha kilimo pale Ås, kusini mwa Oslo, ambako walimu wengi wa SUA, chuo kikuu chetu cha kilimo cha Morogoro, wamepitia. Sikukuu ya Taifa ya Norwei, tarehe 17 Mei, ilipokaribia, mwenzangu wa darasani alinikataza kubaki huko. "Oslo utamwona mfalme kwa mbali anapunga mkono kibarazani," alisema. "Twende kwetu Aurland. Bibi atakupa kazi."

Reli ya Oslo hadi Bergen ilikuwa inatimiza miaka 100 mwaka huo. Mwanzo wa safari ni misitu na maziwa, tena misitu na maziwa, nami nikalala. Kilichoniamsha ni mwanga. Nje kulikuwa kweupe pe. Tulikuwa Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, stesheni ya juu kuliko zote nchini humo. Oslo tuliiacha miti imechipua. Hapa watu wanashuka na skii begani. Myrdal tukahamia treni ya kuteremka Flåm, na hapo usingizi ulikwisha wenyewe. Njia ile ina kilomita 20 tu, lakini inashuka kutoka mita 866 hadi ufukweni. Ina mahandaki 20, na 18 kati ya hayo yalichimbwa kwa mikono. Kwenye maporomoko ya Kjosfossen treni husimama abiria washuke wapige picha. Theluji ilikuwa inayeyuka huko juu, maji yamefurika, manyunyu yakatulowesha mpaka kope, na kwa ngurumo ile tulibaki kuongea kwa ishara.

Chini ikatokea fiodi, mkono wa bahari uliopenya bara katikati ya majabali yaliyosimama wima. Aurland iko kwenye tawi la Sognefjord, inayoingia zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini. Watu wa kilimo ni wagonjwa: wenzangu wote wanapiga picha milima, mimi natazama vile vijishamba vyembamba kati ya maji na mwamba, hakuna hata kipande kilichoachwa bure.

Bibi alitupokea mlangoni. Nilimwamkia kwa kupiga goti kidogo kama nilivyolelewa, yeye akanipa mkono na jina lake la kwanza. Kumwita mzee wa umri ule kwa jina kulinishinda. Nikamwita bibi mpaka naondoka, naye akaitika.

Usiku ule ulikuwa wa fainali ya Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, kutoka Moscow. Tulikaa sebuleni na jibini ya kahawia ya maziwa ya mbuzi, tamu ajabu, inayopatikana kwa kuchemsha maji ya jibini saa nyingi mpaka sukari yake iungue. Ya bibi ilitoka Undredal, kijiji cha jirani ambacho barabara ilikifikia mwaka 1988. Kabla ya hapo ilikuwa mashua tu. Kwenye televisheni kijana mwenye fidla, Alexander Rybak, akaiwakilisha Norwei na kushinda kwa pointi 387, rekodi ya wakati huo. Kijana mwenyewe alizaliwa Belarus. Bibi, ambaye muda wote alikuwa anafuma na kudai hapendi kelele, aliruka kutoka kitini.

Asubuhi kazi ikaja. Aliniweka mbele ya sufuria ya malai ya maziwa yaliyochacha, mazito, akanipa mwiko. Yakachemka, tukatia unga wa ngano kidogo, nikakoroga. Baada ya muda mafuta yakaanza kujitenga na kupanda juu, ya njano, samli tupu kwa harufu na kwa rangi. Bibi akayachota na kuyaweka kando, akaongeza unga na maziwa ya moto, akaniambia nikoroge nisiache. Msichana wa Morogoro aliyesonga ugali wa wageni wa msiba haambiwi mara mbili. Uji ule unaitwa rømmegrøt. Unaliwa na sukari, mdalasini na yale mafuta yakimwagwa juu, pembeni mguu wa kondoo uliotiwa chumvi na kukaushwa. Sahani moja inatosha kukulaza.

Bibi na mjukuu walivaa bunad, vazi la sherehe ambalo kila eneo lina la kwake, lenye vifungo vya fedha vinavyolia ukitembea. Mjukuu alipewa la kwake alipopata kipaimara. Mimi nilivaa gauni la kitenge, sweta juu. Bibi akashika pindo la gauni, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wote. Akauliza nani kashona. Nikamwambia fundi wangu wa sokoni. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanibandika kifuani utepe mwekundu, mweupe na buluu.

Maandamano yaliongozwa na watoto wa shule na bendi yao ya tarumbeta, sisi tukafuata nyuma na vibendera. Hakuna askari, hakuna kifaru. Mimi napenda gwaride letu la Uhuru la 9 Desemba, nisidanganye, na mwanzoni niliona kama kuna kitu kimesahaulika. Waliweka shada kwenye mnara wa waliouawa vitani 1940 hadi 1945, kisha ikaja hotuba, ndefu kama hotuba zote. Rafiki yangu akanitafsiria: katiba ilitiwa saini Eidsvoll tarehe 17 Mei 1814. Muungano na Sweden ulivunjika 1905 tu, lakini sherehe kubwa wameiacha kwenye katiba. Kwetu, msimamishe mtu barabarani umuulize katiba ilipitishwa tarehe ngapi.

Mchana ikawa zamu ya michezo uwanjani. Watoto siku hiyo hawazuiwi aiskrimu, na wengi walikuwa wameshachafua nguo. Kukimbia ndani ya gunia, kukimbia na kijiko: yote niliyaacha shule ya msingi, ila sisi tulibeba limau na wao wanabeba kiazi. Bibi alikwisha niandikisha mbio za watu wazima bila kuniuliza. Nilivua viatu, nikakunja kitenge, nikamaliza wa tatu, nyuma ya mwanamume mmoja mrefu sana na mtoto wa kama miaka minane ambaye hakupaswa kuwemo, na hakuna aliyemtoa.