Kumtafuta Papa Misali

Papa nimemjulia jikoni. Kwetu Unguja, papa mkavu akishatiwa kwenye mchuzi wa nazi, hakuna anayeuliza habari za meno yake. Nilipoaga kuwa naenda Pemba kuzamia nimwone akiwa hai, shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Boti kutoka Malindi, bandari ya mjini Unguja, hadi bandari ya Mkoani, Pemba, haina la kusimulia, labda abiria waliotapika tulipoiacha Nungwi nyuma na bahari kuanza kuchafuka. Daladala mpaka Chake, kisha Wesha, na hapo mashua ya injini. Misali ni kisiwa kidogo cha msitu na mapango magharibi ya Pemba, eneo la hifadhi tangu 1998. Upande wa pili ni Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati ya Pemba na bara, kina chake mamia ya mita.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa hapo hapo. "Mwanangu, bahati yako leo maji mafu," aliniambia. "Ungekuja bamvua, maji makuu, mkondo ungekufikisha Tanga bila nauli."

Tukakaa ukingoni, mitungi ya hewa mgongoni, tukajiangusha kinyumenyume. Taabu ya mwanzo ni masikio: kila ukishuka kidogo unabana pua na kupuliza, la sivyo yanauma hasa. Ufikapo mita 10, mgandamizo umeshakuwa mara mbili ya ule wa juu, ndiyo maana mkufunzi alirudia mpaka akanichosha kwamba pumzi haizuiwi hata kidogo, maana hewa hutanuka mapafuni ukipanda. Mbele yetu ukuta wa matumbawe ulishuka wima hadi buluu ikawa nyeusi. Kolekole walipita kwa makundi, chewa mmoja alituchungulia kutoka shimoni kwake, na kasa ng'amba alikuwa ananyofoa sifongo bila kutujali.

Kwenye mita 20 na kidogo mkufunzi aligonga mtungi wake kwa kipande cha chuma. Chini ya mwamba, juu ya mchanga, alilala papa mwembamba mwenye ncha nyeupe mapezini, mfupi kuliko mimi. Watu husema papa akisimama hufa. Huyu habari hiyo haijamfikia. Mdomo ulifunguka na kufumba polepole, anajisukumia maji kwenye matamvua, kwani jamii yake hupumzika mchana na kuwinda usiku. Mboni ya jicho ilikuwa wima kama ya paka. Moyo ulinienda mbio, nakiri, ingawa papa wa aina hii hana shughuli na mtu asiyemchokoza. Akatutazama, akajikunja, akaondoka kando ya ukuta.

Tuliwasubiri wakubwa, hasa wale wa kichwa cha nyundo. Hawakuja. Tukapanda taratibu, tukasimama dakika 3 kwenye mita 5, kisha juani.

Mzee hakushangaa. Ujana wake alitega jarife, wavu wa papa, na asubuhi, anasema, mashua ilirudi imeelemewa na papa na samaki aina ya taa. Hesabu yake si ngumu: chewa hutaga mayai yasiyohesabika, lakini papa kama yule niliyemwona huzaa mtoto mmoja hadi watano tu, na hao hukaa miaka kabla ya kuzaa wao. Ukiongeza bei ya mapezi yanayokwenda Asia, sioni jinsi bahari ingeweza kufidia. Wala siwezi kumlaumu mvuvi mwenye watoto wa kulisha. Ila hifadhi ina mpaka, papa hana, na nyavu zinamngoja nje.

"Uliacha lini, baba?" nilimwuliza.

"Papa walipoacha kuja. Sikuacha kwa hisani."

Nikaulizia papa potwe, yule mkubwa kuliko samaki wote. Akanielekeza Mafia, kuanzia Oktoba kaskazi inapokaribia. Huko hata mtungi hauhitajiki: potwe huja juu kula vijidudu vya majini, kwa hiyo miwani na mapezi ya miguuni vinatosha. Nauli ya Mafia nimeshaanza kuiulizia.