Spekulosi za Noeli kwenye mbabula

Lubumbashi mwezi wa Desemba ni mvua na joto, na umeme unakuja ukipenda. Anayetaka biskuti za siagi kwa Noeli ana taabu mbili: siagi inalegea mkononi, na oveni, hata ukiwa nayo, inaweza kulala baridi siku nzima. Mimi zangu naoka kwenye mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa, na sina mpango wa kurudi nyuma.

Ninazopika ni spekulosi, zile biskuti za viungo za Wabelgiji. Kwao zinaliwa hasa tarehe 6 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, na wa zamani walizikandamiza kwenye kibao kilichochongwa sura yake. Mimi nakata kwa mdomo wa glasi, basi.

Unga wa ngano gramu 250, siagi 125, sukari ya kahawia 125, maziwa vijiko viwili vikubwa, bikaboneti nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo. Viungo nanunua vizima soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na kuvitwanga mwenyewe, maana vile vilivyosagwa mara nyingi vimekaa juani hadi harufu imekwisha. Mdalasini vijiko viwili vya chai, tangawizi kimoja, kungumanga nusu, karafuu robo tu. Karafuu ikizidi, biskuti inanuka kama dawa ya meno.

Majarini? Inakubali, na mfuko ukiwa mwepesi nachanganya nusu kwa nusu. Ila ya majarini tupu mimi siiiti spekulosi.

Kazi kubwa ni kulaza donge kwenye baridi usiku kucha. Unga unakunywa unyevu, viungo vinaenea, na siagi inaganda, kwa hiyo biskuti hazitawanyiki zikiona moto. Friji sina. Napeleka kwa jirani anayeuza maji ya baridi.

“Mama, naomba kanafasi kadogo karibu na barafu.”

“Weka, mwanangu. Lakini kesho mimi ndiye wa kwanza kuonja.”

Asubuhi nasukuma haraka, unene wa nusu sentimita, nakata, napanga kwenye sahani ya bati iliyopakwa siagi.

Sasa moto. Natumia sufuria nzito ya mafundi wetu, ile ya aluminiamu ya kumimina. Chini natandaza mchanga mkavu, juu yake vijiwe vitatu, halafu sahani, nafunika. Makala ya chini yawe machache, yaliyoanza kuvaa majivu. Mengi nayaweka juu ya kifuniko, karibu mara mbili ya yale ya chini. Ukigeuza hesabu hiyo, tumbo la biskuti linaungua na uso unabaki mweupe. Sufuria naipasha kwanza, ndipo naingiza sahani, na dakika kumi zikipita nainua kifuniko kwa koleo, polepole, majivu yasiingie. Ukingo ukishakuwa na rangi ya kahawia natoa, hata kama katikati bado panabonyea kidole. Zinakauka zenyewe zikipoa. Anayesubiri zikauke motoni atavunja meno ya wageni.

Zikipoa kabisa naziweka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana. Hewa ya mvua ikiziingia na kuzilegeza, nazirudisha kwenye sufuria yenye joto kwa dakika chache, bila makala ya chini, zinakuwa kavu tena. Fungu la jirani natenga mapema, kabla watoto hawajatoka misa.