Mezani nyamaza, uwanjani kimbia nao: kazi ya chekechea Minnesota

Wengi wetu tukifika Marekani, kazi mbili ndizo hutupokea kwanza: kutunza wazee na kutunza watoto. Mimi niliangukia ya pili. Ni mwalimu msaidizi hapa Minnesota, darasa la watoto wa miaka 3 hadi 5, katika mpango wa Head Start. Kwa asiyeufahamu, hii ni chekechea ya bure inayogharimiwa na serikali kuu kwa familia za kipato kidogo. Ilianza mwaka 1965, enzi za Rais Lyndon Johnson, ikiwa sehemu ya vita vyake dhidi ya umaskini.

Ndugu na jamaa hudhani tunashinda tukiimba a-e-i-o-u. Tunaimba, ndiyo, ila sehemu kubwa ya siku yetu inakwenda kwenye kula na kucheza, na yote mawili yamehesabiwa kuwa masomo. Yana kanuni zilizoandikwa, na mkaguzi akija anazifuatilia.

Tuanze mezani, maana huko ndiko mtu aliyelelewa kwetu hupata taabu. Chakula hakiji kimepakuliwa. Mabakuli yanawekwa katikati, watoto na walimu wanakaa meza moja, na kila mtoto anajipakulia mwenyewe. Naam, hata yule wa miaka 3. Maziwa yako kwenye jagi dogo analoweza kulishika. Yakimwagika anapewa kitambaa afute, na hakuna anayepandisha sauti. Mwalimu anakula kile kile wanachokula wao. Huwezi kumsifia mtoto brokoli huku wewe unakunywa soda, na kwa macho waliyonayo hawa watoto, usijaribu.

Kisha kuna kanuni yenyewe. Head Start inakataza kumlazimisha mtoto kumaliza chakula, na inakataza kutumia chakula kama zawadi au adhabu. Soma tena, wewe uliyekulia kwenye "huinuki hapo mpaka sahani iwe nyeupe". Hata ile ya "maliza mboga ndipo upate keki" imo humo humo kwenye katazo. Alikuwapo mwanasaikolojia wa hapa Marekani, Leann Birch, aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi watoto wadogo wanavyojifunza kupenda na kukataa vyakula. Kazi yake na ya wenzake ilionyesha kuwa mtoto anayesukumwa ale kitu hukipenda kidogo zaidi. Na akihongwa kwa kitamu, anachojifunza ni kwamba kitamu ndicho chenye thamani, mboga ni kodi tu unayolipa ili ukifikie.

Kinachofanya kazi ni kukutana na chakula mara nyingi bila ugomvi. Mara nane, kumi, wengine hata kumi na tano kabla ya kukikubali. Umri huu wa miaka 2 hadi 6 ndio watoto wanapoogopa zaidi chakula wasichokijua. Si ukaidi, wala hakuna aliyemdekeza. Mzazi wa kawaida hukata tamaa baada ya mara tatu, anatangaza mbele ya mtoto kwamba "huyu hali mchicha", na mtoto analipokea hilo kama jina lake la pili.

Basi mwalimu anasema nini mezani? Kidogo sana. Huwa tunazungumzia chakula kilivyo: karoti hii inapasuka kwa kelele, tufaha la leo ni chachu kuliko la jana, nani anaweza kutafuna mpaka jirani asikie. Habari za vitamini zinawapita juu ya kichwa. Mtoto wa miaka 4 hana shida na macho yake, ya nini umwambie karoti itayasaidia? Mimi pia sipendi kuita chakula "kibaya" mbele yao. Mtoto akirudi nyumbani akakuta mama yake anakila hicho hicho, umemwachia kitendawili kisichokuwa chake.

Mengine yameamuliwa hata kabla hujafika jikoni, kupitia mpango wa serikali kuu unaolipia milo ya vituo vya watoto. Maziwa ya watoto wetu yana asilimia 1 ya mafuta au hayana kabisa, na hayaruhusiwi kutiwa ladha. Juisi ni mara moja tu kwa siku, isizidi. Biskuti na keki hazihesabiwi kuwa nafaka. Maji yawepo siku nzima. Majina ya watoto wenye mzio, na vyakula vinavyowadhuru, yanabandikwa mahali ambapo kila mfanyakazi atayaona. Na zabibu, tafadhali, zinakatwa vipande vinne kwa urefu, hata kama mtoto anakwambia yeye ni mkubwa. Zabibu nzima inaziba koo la mtoto barabara.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni figili. Mbegu inafukiwa kwenye kikombe chenye udongo dirishani, inachipua ndani ya siku chache, na baada ya wiki nne hivi unaing'oa ikiwa nyekundu. Ni mboga kali, watu wazima wengi hawaiwezi. Lakini mtoto aliyeimwagilia mwenyewe ataiuma, atakunja uso, kisha atamgeukia mwenzake amwonjeshe.

Wazazi wanaozungumza Kiswahili huletwa kwangu, hasa akina mama wa Kikongo. Swali lao ni moja. "Mwalimu, leo alikula?" Mama mmoja alikasirika kweli: "Dada, mtoto anarudi na njaa, nyie mnamwangalia tu asipokula?" Nilimwelewa. Kwa mtu aliyewahi kukosa cha kuwapa wanawe, sahani iliyobaki na chakula si jambo la falsafa. Sikumpa mhadhara. Nilimwomba aje wakati wa chakula cha mchana akae nasi, na akaja. Alimkuta mwanawe, ambaye nyumbani hulishwa kwa mkono, anajipakulia wali kwa kijiko kikubwa, anamwaga nusu mezani na kula nusu iliyobaki. Hatukubaliani kila kitu mpaka leo. Bado anamlisha kwa mkono usiku, na mimi sioni ubaya wake, maana ile ni saa yao wawili. Ila sasa ananiuliza mtoto alionja nini, na hilo tunaweza kulijibu na kulifuata pamoja.

Upande wa kucheza, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 3 na 4 ajishughulishe kimwili walau dakika 180 kwa siku, na kati ya hizo 60 ziwe za kuhema kweli. Skrini isizidi saa 1. Ukisikia dakika 180 unashtuka, lakini watoto hawa hawafanyi mazoezi kama sisi. Wanakimbia nusu dakika, wanasimama kuangalia mdudu, wanaruka, wanakaa chini, wanakimbia tena. Kazi yetu ni nafasi, muda, na mtu mzima anayeingia mchezoni badala ya kusimama pembeni na simu.

Kuna kanuni pacha na ile ya chakula: mchezo nao hautumiki kama zawadi wala adhabu. Hutamnyima mtoto kutoka nje kwa kuwa amempiga mwenzake, wala hutamzungusha uwanja mara tano ili atubu. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Anayefanya fujo darasani mara nyingi ndiye aliyehitaji kutoka kukimbia tangu saa nzima iliyopita.

Na baridi? Tunatoka. Mwongozo wa kitaifa wa vituo vya watoto unasema ni hatari upepo na baridi kwa pamoja vikifika nyuzi 15 za Fahrenheit chini ya sifuri, yaani kama 26 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Juu ya hapo, koti. Kuvaa peke yake ni mazoezi ya viungo: suruali ya theluji kwanza, kisha buti, kisha koti, kofia, glavu mwishoni, na ukikosea mpangilio unaanza upya. Kuna mbinu kila mtoto hapa anaijua: koti linalazwa sakafuni, kichwa cha koti kikielekea miguuni kwake, anaingiza mikono na kulirusha juu ya kichwa. Limevaliwa. Likimalizika zoezi zima, daima yuko mmoja anayetaka choo.

Siku za kubaki ndani huwachezesha "nyama nyama nyama". Mnaujua: kiongozi anataja mnyama, analiwa mnaruka, haliwi mnatulia, na anayeruka kwa simba anatoka. Mimi simtoi mtu, maana anayetolewa anakaa chini, na nia yetu ni miguu isogee. Nimeugeuza uwe wa mboga na matunda, viatu na viti vikichanganywa humo. Watoto wa Kisomali, wa Kimarekani na wa Kihmong (jamii yenye asili ya Kusini-Mashariki mwa Asia) wanaruka kwa "karoti" na kuangua kicheko kwa "soksi". Nyanya ilizua mabishano makali kama ni tunda au mboga, lakini kila mtu alikuwa ameruka tayari.

Kwa mnaouliza habari za kuingia kazi hii: msaidizi wa Head Start anahitaji walau cheti cha malezi ya watoto wadogo kinachoitwa CDA, au awe amejiandikisha kukisomea na akimalize ndani ya miaka 2 ya kuajiriwa. Kinadai cheti cha sekondari, mafunzo ya saa 120 na saa 480 za kufanya kazi na watoto, na saa hizo unazikusanya ukiwa kazini. Uliza kituo kama kitakulipia, vingi hufanya hivyo. Na suruali yako mwenyewe ya theluji nunua ya mtumba, Septemba, kabla watu hawajazigombania.